Pimbi Aliyekuwa Bado Anaonja

Ngano hii aliisimulia kwanza shangazi Naetwe, kule Usangi, kiangazi cha mwaka 1983, akichambua maharage uani. Mdogo wake, Elinihaki, alikuwa amenunua baiskeli na alitaka kuingia mashindano ya Saba Saba. Asubuhi alisema atamwajiri mwalimu wa kumfundisha mbio. Jioni alisema hatamwajiri. Shangazi alimsikiliza mpaka akachoka, akausukuma ungo kando, akaita, na waliokuwapo uani wakamwitikia:

"Ngano inabisha hodi!"

"Ifungulieni, kiti kipo!"

"Imekuja na uongo kwapani!"

"Iutoe, tuutazame!"

Basi, zamani wanyama walipokuwa wakipanda baiskeli, palikuwa na mlima, na chini ya mlima palikuwa na chemchemi moja tu. Kila mwaka, kabla jua halijawa kali, wanyama walishindana kuupanda ule mlima kwa baiskeli. Aliyetangulia kufika kileleni ndiye aliyekuwa mwenye chemchemi mpaka mvua irudi.

Na kila mwaka alishinda Ngiri. Mapaja yake yalikuwa kama vinu, na alipokanyaga baiskeli mkia wake ulisimama wima, twaa! Akishashinda, aliingia chemchemini kwanza yeye, akagaagaa, akalala, akaamka, akagaagaa tena. Wengine walikunywa tope lake.

Mama Pimbi alichoka kuchuja tope kwa upande wa kanga. Kiangazi kilichopita kitinda mimba wake aliumwa tumbo hadi akakosa sauti ya kulia. Ndipo Mama Pimbi akatoa pangoni baiskeli ya marehemu mumewe, kuukuu, mnyororo una kutu, akatangaza, "Mwaka huu nami nashindana."

Wanyama walicheka. Swala alicheka mpaka akakaa chini. "Kwa miguu hiyo, mama? Pedali utazifikia kwa ngazi?"

Ngiri hakucheka. Ngiri alisikia harufu ya karanga. Alijua Mama Pimbi ana akiba ya karanga mwambani, chakula cha kiangazi kizima. Akamsogelea, akalainisha sauti.

"Mama Pimbi, usiwasikilize hao. Huhitaji miguu wewe, unahitaji mwalimu. Niajiri mimi."

"Kwa ujira gani?"

"Karanga zako."

"Kiasi gani?"

"Zote."

Akamwonyesha kifaa chake. Juu ya usukani wa baiskeli ya Ngiri alikaa Kinyonga, kakikumbatia kile chuma kwa vidole vyake. Nguvu ya miguu ilipanda kwenye chuma ikamwingia mwilini, naye akabadilika rangi. Ukikanyaga polepole, kijani. Ukikaza, njano. Ukikanyaga kwa nguvu zote, mwekundu kama pilipili.

"Wengine wanakanyaga kwa kubahatisha," Ngiri akasema. "Mimi naziona nguvu zangu kwa macho."

Mama Pimbi akawaza. Akimwajiri, wanawe watakufa njaa. Asipomwajiri, watakunywa tope. Akakuna shingo, akauliza kwa upole, "Mwalimu, mafunzo nayo ni bidhaa, siyo?"

"Ni bidhaa, tena bidhaa adimu."

"Basi nionjeshe."

Ngiri angekataa vipi? Ndiyo ilikuwa desturi ya gulio la nchi ile. Mwenye miwa alikata kipande, mwenye asali alichovya kijiti, na mnunuzi alionja mpaka aridhike. Tena Ngiri alijiambia moyoni, hata akionja, atanishinda kwa vile vijiguu?

Akapanda mlima, nye-nye-nye-nye, mkia wima. Mama Pimbi akamfuata nyuma, karibu kabisa, amejibanza nyuma ya ule mgongo mpana ambako upepo haufiki. Jicho lake halikubanduka kwa Kinyonga. Tambarare, kijani. Kona, njano. Ukingoni mwa kilele, nyekundu.

Walipofika, Ngiri akauliza, "Umeamua?"

"Bado naonja, mwalimu."

Kesho yake akaja tena. Nye-nye-nye-nye, wakapanda. "Umeamua?"

"Kijani nimekielewa, mwalimu. Njano ndiyo sijaipata vizuri. Bado naonja."

Kesho kutwa, nye-nye-nye-nye. "Mama Pimbi, umeamua?"

"Niko karibu. Ile nyekundu yako inanivutia mno. Leo nionjeshe nyekundu toka chini mpaka juu."

Ngiri alizihesabu zile karanga kichwani, akakanyaga nyekundu toka chini mpaka juu. Siku baada ya siku Mama Pimbi alikuwa bado anaonja, na siku baada ya siku mapaja yake yalikaza, kutu ikaisha kwenye mnyororo. Magoti ya Ngiri yakaanza kulia, kwa, kwa, kwa.

"Bwana mkubwa," Kinyonga akasema taratibu, "pumzika... kidogo."

"Nyamaza wewe! Mteja hajaamua!"

Siku ya mashindano ikafika. Kengele zikalia, kring! Wanyama wakaondoka. Mama Pimbi hakuwa na Kinyonga, lakini rangi zilikuwa zimemkaa miguuni. Tambarare akaenda kijani. Kona akaenda njano, akamfikia Ngiri, akajibanza nyuma yake palepale alipopazoea.

"Mwalimu!" akaita. "Leo naamua! Nionyeshe nyekundu kwa mara ya mwisho!"

Kilele kilikuwa bado mbali. Kinyonga akafumba macho yote mawili. Lakini Ngiri alizisikia karanga zikigongana, akakanyaga, nye-nye! nye-nye! Kinyonga akawa mwekundu, akawa mwekundu zaidi, na magoti yakasema, kwa! Ngiri akaanguka barabarani kwa magoti, mkia ungali wima.

Mama Pimbi akampita kulia.

"Nimeamua, mwalimu! Sikuajiri!"

Na hapo ndipo alipotoa nyekundu yake, ile aliyoitunza siku zote hizo. Nyi-nyi-nyi-nyi, baiskeli kuukuu ikapanda kama imepakwa mafuta, Swala kaachwa mdomo wazi, na Mama Pimbi akafika kileleni peke yake, akapiga kengele mpaka nchi nzima ikasikia. Kring! Kring! Kring!

Jioni ile kitinda mimba alikunywa wa kwanza, maji maangavu, akaiona sura yake ndani. Kisha wakanywa wote, wadogo kwa wakubwa. Ngiri naye alikunywa, mwisho wa mstari. Magoti hayakunyooka tena. Mpaka leo, ukimkuta anakula majani, amepiga magoti.

"Ngano imekata kiu, inaaga!"

"Iende salama, uongo ituachie!"

Na funzo, shangazi alisema huku akiuvuta ungo wake, ni hili: mtu akikuuliza jambo, mjibu siku hiyohiyo. Kusitasita hakujamfikisha yeyote popote.

Shangazi Naetwe alifariki mwaka 1997. Kati ya waliomwitikia siku ile amebaki Elinihaki peke yake. Baiskeli yake ingali imetundikwa ukutani, na ukimuuliza habari za mwalimu, husema bado anaonja.