Stika za Baba

Mficha kutu huifuga. Mmeisikia kwa fundi leo asubuhi mkacheka, na sasa mnaniuliza nani aliisema kwanza. Kaeni basi, na wewe Saumu weka chini hiyo stika uliyolinunulia gari lako. Maneno hayo yalizaliwa kwetu Korogwe, wiki ya harusi yangu, nami nilikuwapo yakitamkwa.

Baba yangu, Mzee Semkiwa, alikuwa na gari la bluu, kuukuu, alilolipenda kama kitinda mimba. Mimi nilizaliwa ndani yake, kiti cha nyuma, usiku wa manane, njiani kwenda hospitali, ndiyo maana nikaitwa Chausiku. Tangu nipate akili nilikuwa nikisema: gari lililonileta duniani ndilo litakalonipeleka kwa mume. Baba akisikia hivyo hufuta macho na kusingizia vumbi.

Lakini gari lilikuwa linazeeka. Kokoto za barabarani zilibambua rangi, maji ya mvua yakaingia, kutu ikachipua. Baba hakuvumilia kuiona. Kila baka lilipotokea, alilibandikia stika. Mlangoni "Subira", juu ya tairi "Hasidi Hana Sababu", kwenye boneti picha ya mpira wa miguu, na mpira wenyewe wala haujui! Mwishowe gari likawa linahubiri kuliko shehe, na baba akatembea kifua mbele kwamba gari lake halina kutu.

Ilipobaki wiki moja, mshenga wa upande wa mume, Bwana Kidelo, akaja kulitazama. Alikuja kwa adabu zote, lakini tulijua kilichomleta. Asiporidhika, wangeleta gari lao jipya jeupe, nami ningeingia kwa mume wangu juu ya kiti nisichokijua.

Baba akamzungusha, na mgeni akaanza kuridhika. Mara akatokea Mzee Mihambo, Mnyamwezi, mtani wetu. Mnamjua mtani penye shughuli: huchukua anachotaka, na kumnunia ni mwiko. Akalikagua gari, akachagua stika ya mpira.

"Hii nampelekea mjukuu wangu," akasema, akaibandua.

Stika ikatoka na rangi, na rangi ikatoka na unga mwekundu. Kutu ambayo baba aliifunika ikiwa kama punje ya mtama, sasa ilikuwa imetanda upana wa kiganja.

"Lo! Mtumwa wangu Semkiwa!" Mihambo akapiga makofi. "Kumbe wewe hufichi kutu, unaifuga! Umeijengea banda, maji hayatoki, jua haliingii. Hata ng'ombe wa kwetu Tabora hawanenepi hivi!"

Watu wakaangua kicheko. Bwana Kidelo akatazama pembeni kwa aibu, nami nilitamani ardhi ipasuke. Shingo ya baba ilivimba, lakini mtani hanuniwi. Kisha akacheka, cheko la kwanza lilikuwa chungu, la pili likawa la kweli. Akaishika "Subira" kwa ncha, akaibandua mwenyewe.

"Mshenga," akasema, "haya unayoyaona ndiyo yaliyopo. Njoo siku ya harusi, ulikague tena mbele ya watu wote. Ukikuta kutu, nitamhamishia mwanangu kwenye gari lenu kwa mkono wangu."

Bwana Kidelo akampa mkono.

Kazi tuliifanya mchana kweupe, mbele ya nyumba, kila apitaye aone. Baba alikwangua kwa brashi ya waya, mimi nikasugua kwa msasa hadi bati likang'aa na kingo za rangi ya zamani zikalainika. Shangazi akaja juu.

"Chausiku! Sisi tunakusinga wewe, wewe unasinga gari?"

"Tunakwenda wote, shangazi. Acha tupendeze wote."

Baba alitamani kupaka rangi upesi, nikamzuia mpaka praima, ile rangi ya chini ya kuzuia kutu, ikauke. Mihambo alipokuja kututania, baba alimtia msasa mkononi, naye akasugua huku akilalamika.

Siku ikafika. Bluu mpya ilikuwa imekolea kuliko ya zamani, mabaka yakaonekana waziwazi. Baba hakungoja kuulizwa.

"Hapa palikuwa na kutu, mshenga. Na hapa. Na hapa kubwa kuliko zote. Gonga!"

Bwana Kidelo akagonga, bati likaitika. Akapitisha kiganja gari zima, akakitazama: kisafi. Mihambo naye alizunguka akitafuta la kusema, akalikosa.

"Mtani, vipi leo?" baba akamwita. "Yako wapi yale maneno yako?"

"Umeninyang'anya, Semkiwa. Yaseme mwenyewe."

Baba akapanda juu ya kizingiti cha mlango wa gari, akapaza sauti: "Jamani, mficha kutu huifuga!"

Vigelegele vikapasua mtaa. Bwana Kidelo mwenyewe akanifungulia mlango, nikaketi kiti cha nyuma, mikono yangu ikinukia hina na rangi, na sijawahi kujiona mzuri kama siku ile. Baba akapiga honi mji mzima. Lile gari jipya jeupe lilikuwa nyuma yetu, likila vumbi letu.

Haya, Saumu. Msasa uko pale dirishani, na jua bado liko juu. Mficha kutu huifuga.