Nguchiro na Sheria ya Nyati

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wakipikia vyungu walivyovifinyanga wenyewe, Nyati alikuwa na karakana ya ufinyanzi. Ngiri alikanda udongo. Nyani aliteka maji mtoni. Nguchiro, mdogo kuliko wote, alisugua vyungu kwa kokoto mpaka vikang'aa.

Siku moja mtego ulimvunja Nguchiro mguu wa nyuma. Mguu ukapona, lakini ukiwa umepinda. Aliporudi kazini alikuja na kigoda, akaketi, akaanza kusugua: kwaru, kwaru, kwaru.

Nyati akaja na ndege wake mgongoni, yule anayemdonoa kupe.

"Bi Nguchiro, hicho nini?"

"Kigoda, Mzee. Mguu hauvumilii kusimama kutwa. Mikono ni ile ile."

"Hapa hakuna anayeketi."

Msimdhanie vibaya Nyati. Baba yake alifinyanga akiwa amesimama, na babu yake vilevile, basi akaona kusimama ndiyo kazi yenyewe.

"Hapa mtu hufanya kazi kwa mwili aliopewa," akasema. "Asiyeweza bila kusaidiwa na kitu, akapumzike nyumbani."

Nyumbani Nguchiro alikuwa na watoto watano, na hapakuwa na mwingine wa kuwalisha.

Nyani akacheka. "Kapumzike, kiguru. Uji utajikoroga wenyewe."

Nguchiro hakununa. "Sheria nzuri, Mzee. Ni yangu peke yangu, au ya wote?"

"Ya wote. Hata mimi nimo."

"Basi kesho nifanye mlinzi wake, kwa siku moja tu. Nikimwona mtu anasaidiwa na kitu, nakiondoa. Jua likitua na vyungu tulivyoagizwa kwa harusi ya Swala viko tayari kuchomwa, nabeba kigoda changu naenda zangu. Visipokuwa tayari, nabaki nacho."

Nyati akaona huo ni ushindi wa bure. "Nimekubali. Na hawa ni mashahidi."

Asubuhi yake Ngiri akapiga magoti kukanda udongo, kama ngiri wote wafanyavyo. Nguchiro akalivuta gunia alilotandika chini ya magoti.

"Samahani, kaka. Hili linakusaidia."

"Changarawe itanichubua, dada!"

"Mwili uliopewa, kaka."

Ngiri akakanda donge moja. La pili hakulimaliza. Akainuka akichechemea.

Kule mtoni Nyani akajaza mtungi, akachukua kata yake ya majani, akaiweka kichwani ili ajitwike. Nguchiro, aliyemfuata huko, akaidaka.

"Sasa mtungi utakaaje?" Nyani akauliza.

"Sijui, bwana mkubwa. Mimi ni kiguru tu."

Nyani akajitwika hivyo hivyo. Hatua moja, mbili, mtungi ukaserereka. Puu! Maji yote yakanywewa na mchanga.

Nyati akakunja uso. "Kumbe nafuga wavivu. Nitafinyanga mwenyewe."

"Vyema, Mzee. Kwanza nikuombe huyo ndege."

"Ndege?"

"Anakusaidia."

Nyati akamtazama ndege, ndege akamtazama Nyati. Lakini neno lilikuwa lake mwenyewe. Ndege akaruka, akatua paani.

Mwanzoni Nyati alifinyanga vizuri. Kisha sikio likamwasha. Likafuata bega. Halafu pakamwasha pale katikati ya mgongo, ambapo pembe hazifiki. Akauma meno. Akajikaza. Mwishowe akajisogeza kwenye nguzo, akajisugua: kwachu, kwachu. Nguzo ile ndiyo iliyoshika chanja ya vyungu vya harusi, navyo vikaanza kugongana: ngo, ngo, ngo.

"Rudi nyuma, Mzee," Nguchiro akasema. "Bibi harusi hana kosa."

Nyati akarudi nyuma.

"Kigoda chako nilikiona kwa sababu ni kipya," akasema. "Ndege wangu nimemzoea, sikumwona. Mwite. Warudishie hawa vitu vyao, nawe uketi."

Wakafanya kazi. Udongo ukakandwa, maji yakaja, kokoto ikalia. Kabla ya jua kutua, vyungu vyote vilikuwa tayari.

Nyani akakohoa. "Mzee, jua halijatua, na vyungu viko tayari. Makubaliano yalikuwa aende."

Nguchiro akaiweka kokoto chini.

"Makubaliano yalikuwa juu ya sheria ile," Nyati akajibu, "na ile imekufa tangu asubuhi. Bi Nguchiro anabaki. Nawe Nyani, unahitaji nini ufanye kazi vizuri?"

Nyani akatazama miguu yake. Safari hii hakucheka.

"Jicho langu la kushoto, Mzee. Haliyaoni vizuri mawe ya kupandia kutoka mtoni. Tangu mwaka juzi."

"Mbona hukusema?"

"Niliogopa ningeambiwa nikapumzike nyumbani."

Hakuna aliyemcheka. Nguchiro akajivuta kwenye kigoda chake.

"Mawe hayo tuyapake chokaa, kaka. Meupe utayaona."

Na kesho yake wakayapaka.

Basi wanangu, hakuna afanyaye kazi kwa mwili mtupu; ila msaada tuliouzoea hatuuoni.