Kwa Nini Wazee Sana Huitwa Vikongwe

Kaeni vizuri, maana watu wa kisa hiki hawakukaa. Hapo kale wahenga wetu waliwashwa na nyayo: leo huku, kesho kule, mtama haujaiva wameshakunja mikeka. Mzee sana hakuwa na jina lake. Aliitwa mzigo wa mwisho, na mikono ikichoka, mzigo wa mwisho uliachwa njiani.

Mwaka mmoja mvua iliwakuta kwenye kisiwa katikati ya mto. Maji yakapanda kila upande. Chande, kiongozi wao, akaangusha mvule mrefu ili wauburute hadi kwenye mkondo mwembamba, uwe daraja. Akapanga: wavuke watoto, kisha mbuzi, kisha vyungu. Bibi yake mzaa baba, Bi Mize, aliyekwisha kuagana na macho na magoti, alisikia mbuzi wote wakitajwa kwa majina. La kwake hakulisikia.

Wakashika kamba. Huyu kavuta, yule kapumua. Huyu kateleza, yule kamtukana shemeji yake. Gogo halikusogea. Maji yakafika kwenye mafiga.

"We Chande," Bi Mize akaita kutoka mkekani, "mnalivuta hilo gogo au mnalibembeleza?"

"Bibi, tuache, tuna kazi!"

"Kazi naiona hata mimi kipofu. Kongwe anatoa nani?"

Kongwe ni ule mstari ambao mtu mmoja huuanzisha, wengine wakaitikia, wakavuta pamoja. Waliozijua nyimbo hizo walikuwa wameachwa njiani, mmoja baada ya mwingine, na mikono ile ile iliyoshika kamba.

Bi Mize akakohoa, akatoa kongwe:

"Gogo limelala!"

"Liamshe!" mmoja akakumbuka.

"Mume kalala!"

"Mwamshe!" Wanawake wakaangua kicheko, wakaingia kambani nao. Gogo likaguna. Likasogea. Likateleza matopeni kama kambare, hadi ncha yake ikaegemea ng'ambo.

Chande akarudi mbio, akampigia bibi yake magoti, akampa mgongo.

"Panda, bibi."

"Si mbuzi kwanza?"

"Watasubiri."

Na kuanzia hapo, mtu akila chumvi hata meno yakahama, huitwa kikongwe, mwenye kongwe. Ukimkuta barazani kanyamaza, midomo inamchezacheza, usidhani anatafuna hewa. Anatafuta wimbo. Wewe shika kamba.