Jina la Njiti

Hapo zamani, si ile ya majini bali ya juzijuzi tu, Mwanakheri alijifungua mtoto njiti, kichwa chake kinaenea kiganjani. Mama mwenyewe akavuja damu, akapelekwa wodi nyingine, hajitambui.

Nesi akasema, "Huyu anataka kifua cha mtu na maziwa ya mtu. Nani yupo?"

Alikuwepo Bi Mashavu, mama mkwe wa Mwanakheri. Akavua blauzi mbele ya wageni, mzee wa watu, akafungiwa mjukuu kifuani, ngozi kwa ngozi. Akala naye, akalala naye ameketi. Mgongo ukamuuma, hakumtua.

Kifua kimepatikana. Maziwa je?

Kitanda cha pili alikuwepo Siwema. Njiti wake, Habibu, alikuwa amefariki asubuhi ile ile, na maziwa yanamtoka hayana mnywaji. Siwema akakamua kwenye kikombe huku analia, akamnywesha mtoto wa mwenziwe kidogo kidogo. Kila siku akaja, naye hana mgonjwa tena pale.

Mwanakheri akapona, akaja, matiti yake yamekauka. Akamfunga mwanawe kifuani, akampa ziwa. Mtoto akageuza uso. Akajikamua tone, akampaka mdomoni, akageuza uso. Wakaruhusiwa kwenda nyumbani, Siwema akawafuata na kikombe chake, na Mwanakheri bado anafunga, anakamua, anapaka. Mpaka siku moja mtoto akashika ziwa la mamake, akanyonya, akashiba. Nyumba nzima ililia kwa furaha. Siwema alilia peke yake uani, akiosha kikombe.

Sasa sikilizeni vizuri, na anayesinzia asije akahukumu. Kwao njiti hapewi jina mpaka anyonye mwenyewe. Siku ya kumnyoa na kumpa jina ikafika, watu wakakaa mkekani.

Bi Mashavu akasema, "Aitwe Kombo, jina la marehemu mume wangu. Joto lililomweka hai ni langu. Nisingekuwepo, mngekuwa mnamtaja nani leo?"

Siwema akasema, "Mimi sina mtoto wa kumwita. Aitwe Habibu. Maziwa yale yalikuwa ya Habibu, nami sikumnyima mwanenu. Naomba jina tu, mtoto bakini naye."

Mwanakheri akamkumbatia mwanawe. "Mama, dada yangu, nawashukuru mpaka nakufa. Lakini nyote mnanipa majina ya maiti, na huyu nimemtoa mdomoni mwa kaburi. Nimemzaa, nimembembeleza tone kwa tone mpaka akanikubali. Niachieni nimpe jina ambalo halijazikwa na mtu."

Baba wa mtoto akainama. Wembe umeshalowekwa. Hapo mtoto akaanza kulilia ziwa, na wanawake wote watatu wakainuka kwa pamoja.

Nanyi mlioko hapa, msiniambie apewe majina matatu. Atakayeitikia ni mmoja. Je, nani alistahili kumpa jina?