Zimwi Aliyejiita Ganda

Sogeeni, wala msicheke: msimulizi wenu amekalia bakuli la maharage yaliyolowekwa, kanzu chepechepe!

Basi, Zimwi alimmeza mwana wa Mwanashuru. Akamrushia mama haragwe la kichawi, ambalo mbele yake kila neno linalotamkwa hugeuka kuwa kweli.

“Nionyeshe mtoto aliyemo humo, nimtapike wako.”

Mama akalikwaruza, wapi! Akaling'ata, wapi! Akalilowesha kwa machozi. Ganda likavimba, likapasuka. Katikati ya mapande mawili ya chakula, kitoto cha mmea kimejikunja, kizima.

“Wako simtoi,” Zimwi akacheka. “Mimi ndiye ganda lake, namlinda.”

Mwanashuru akammwagia mtungi mzima wa maji. Tumbo likavimba, likavimba.

“Mama wee! Nifanyeje?”

“Pasuka.”