Kiboko na Kikomo cha Asiyesema

Paukwa.

Pakawa.

Nimesikia wawili tu, na mmoja wenu ni kuku. Paukwa tena.

Pakawa.

Haya, hapo mmeamka. Palikuwa na nini?

Tuambie wewe.

Palikuwa na mashine. Usicheke, Siwatu. Unadhani wanyama wa hadithi kazi yao ni kugombania asali na karanga tu? Hawa wangu ni wa juzi juzi. Walikuwa na mashine, mashine kubwa, imekaa ndani ya pango kwenye kilima cha mawe ili isipate joto. Mchana kutwa inanguruma: ngurrr, ngurrr.

Ndani ya mashine mlikuwa na vyumba mia moja vya kumbukumbu. Kila chumba kina namba mlangoni, na namba hiyo ndiyo anwani yake. Ukiwa na jambo la kukumbuka, unaliweka chumbani. Ukilitaka, unaita namba, mlango unafunguka. Jambo ambalo halina chumba husahaulika, kama wewe Siwatu ulivyosahau kuni jana.

Na humo humo zilikaa mashine nyingine zinazoitwa mashine pepe. Mashine pepe haina chuma chake wala nyaya zake. Ni mpangaji. Inakaa ndani ya ile kubwa, inatumia vyumba vya ile kubwa, na yenyewe inajiona ina nyumba yake. Kila mnyama alikuwa na yake. Nyuki alikuwa na yake, inamwambia maua yamechanua wapi. Mbuni alikuwa na yake, inachungulia moshi wa moto wa nyika. Pimbi alikuwa na yake, na hiyo ya Pimbi ndiyo iliyofungua lango la bwawa.

Sikilizeni hapo kwenye lango, maana hadithi yote inasimama hapo. Bwawa lilikuwa juu, katikati ya kuta za mawe, kwato ndogo hazifiki. Wakati wa kiangazi mito yote ikikauka, mashine ya Pimbi ilikumbuka saa, ikafungua lango asubuhi na jioni, maji yakashuka mferejini: chururu, chururu. Wadogo wakanywa. Lango lisipofunguka, wadogo hawanywi. Basi, hakuna la kuongeza.

Pimbi mnamjua. Mfupi, mnene, hana mkia. Lakini pango lilikuwa kwake, kwa hiyo wanyama walimfanya karani wa mashine. Na akiwa kazini alipenda kuimba:

Namba yako, chumba chako,
Chumba chako, kazi yako.

Sasa yuko Kiboko. Kiboko alikuwa Mwenyekiti wa Baraza, kwa sababu siku ya uchaguzi alikalia viti vyote. Naye alikuwa na mashine pepe yake. Mnajua ilifanya kazi gani? Ilionyesha picha ya Kiboko akipiga miayo. Picha ilitokea kwenye mwamba mweupe chini ya kilima, asubuhi mpaka jua lizame. Hiyo ndiyo kazi. Hakuna nyingine.

Siku hizo mashine pepe hazikuwa na kikomo. Wanyama waliaminiana. Kila mmoja alichukua vyumba alivyohitaji na kuwaachia wenzake.

Jumatatu Kiboko akasema, "Picha yangu ni ndogo." Mashine yake ikala vyumba kumi. Pimbi akasema, aa, mkubwa huyu.

Jumanne Kiboko akasema, "Picha yangu ni ndogo." Mashine yake ikala vyumba arobaini. Pimbi akasema, aa, mkubwa huyu.

Jumatano Kiboko akasema, "Sharubu zangu hazionekani moja moja." Mashine yake ikala vyumba tisini na tano. Pimbi je? Alikuwa anahesabu vilivyobaki.

Vilibaki vitano, na ya Pimbi ilihitaji kumi na viwili. Jioni ile mashine ya Pimbi ikaita chumba, kimejaa mdomo wa Kiboko. Ikaita cha pili, kimejaa jino la Kiboko. Saa ikapita, lango halikufunguka. Mferejini kimya.

Asubuhi yake Digidigi akapanda kilimani na mwanawe. Yule mtoto alikuwa analamba tope lililokauka, midomo imepasuka.

"Karani," akasema Digidigi, "huyu hajanywa tangu jana asubuhi. Siku ya tatu hatafika."

Pimbi akamtazama mtoto, na moyo ukamuuma. Akasema, "Mama, rudi kivulini. Kesho asubuhi atakunywa."

Akashuka kwa Kiboko. Kiboko alikuwa amelala kwenye tope lake, lililokuwa linakauka nalo, na mgongoni amekaa Yangeyange, yule ndege mweupe, msaidizi wake. Kazi ya Yangeyange ilikuwa kumtoa kupe na kumsifu, na vyote alivifanya kwa mdomo mmoja.

"Shikamoo, Mheshimiwa Mwenyekiti."

"Marahaba. Sema upesi, najitazama."

"Mheshimiwa, vyumba havitoshi. Lango la maji limekwama. Nakuomba urudishe kidogo."

Kiboko akafumbua jicho moja. "Nani kala vyumba?"

Pimbi akautazama mwamba mweupe. Picha ilikuwa inapiga miayo. Angesema ukweli, angekanyagwa, na mtoto wa Digidigi angebaki na kiu yake. Akasema, "Hakuna aliyewekewa kikomo, Mheshimiwa. Pasipo kikomo kila mtu hula."

"Basi wawekewe," akasema Kiboko. "Wadogo wamezidi. Kila mnyama aandike kwenye fomu anataka vyumba vingapi, na visizidi hivyo. Mashine yake isijue kama kuna chumba kingine duniani."

"Amesema kweli," akasema Yangeyange.

Pimbi akatoa karatasi, akaandika. Kisha akauliza kwa upole, "Na asiyesema kitu, Mheshimiwa? Huenda Kobe akachelewa. Huenda Konokono akaacha kisanduku cha namba kitupu. Mashine lazima iwe na namba ya kumpa asiyesema."

"Asiyesema kitu anahitaji nini? Mpe vyumba vinne anyamaze vizuri."

"Vinne," akaandika Pimbi. "Kikomo cha asiyesema, vyumba vinne. Kwa yeyote?"

"Kwa yeyote. Na ongeza: kikishapigwa muhuri, kikomo hakibadilishwi mpaka mvua za kwanza. Sitaki watu wanijie kila siku na vilio."

"Amesema kweli," akasema Yangeyange.

Kiboko akainua mguu, akaukanyaga juu ya karatasi. Ndi. Huo ndio ulikuwa muhuri wa Baraza.

Alasiri ile ile wanyama wakaitwa. Pimbi akakaa juu ya jiwe lake, kalamu sikioni. Kwanza akawasomea ile karatasi yote kwa sauti, neno kwa neno. Wote wakasikia. Kiboko alikuwepo pale chini, lakini alikuwa anautazama mwamba.

Nyuki akaja. "Wewe vingapi?" "Sita." Akaandika sita.

Mbuni akaja. "Wewe vingapi?" "Kumi." Akaandika kumi.

Digidigi akaja na mwanawe mgongoni. "Wewe vingapi, mama?" "Mimi vitatu tu. Vya lango je?" "Vya lango kumi na viwili, nimekwisha andika."

Namba yako, chumba chako,
Chumba chako, kazi yako.

Halafu ardhi ikatikisika. Ndi. Ndi. Ndi. Kiboko ameuacha mwamba, amefika mbele ya jiwe, Yangeyange mgongoni. Wanyama wakampisha. Pimbi akaiweka fomu mbele yake na kurudi nyuma hatua mbili, kwa heshima.

Sasa, nyinyi mnajua desturi. Mkubwa hajazi fomu. Mkubwa hujaziwa. Yangeyange akachukua kalamu kwa mdomo, akasimama juu ya kile kisanduku.

"Mwandikie Mheshimiwa," akasema Pimbi. "Wewe ndiye unayemjua. Ukubwa wake unaishia ngapi?"

Yangeyange akasita. Akimwandikia hamsini, atakuwa amempunguza. Akimwandikia tisini, atakuwa amempunguza. Akageuka kwa bwana wake. "Mheshimiwa, niandike ngapi?"

"Andika vyote," akasema Kiboko.

"Vyote ni mia moja," akasema Pimbi. "Karibu, andika mia moja. Fomu hizi zitabandikwa hapa nje. Tembo, mkubwa wa ng'ambo ya mto, akipita atasoma mwenyewe: Nyuki sita, Mbuni kumi, Kiboko mia moja. Na mwisho wake."

Kiboko akapumua kwa nguvu puani, fuuu. Lile neno mwisho halikumkaa vizuri.

"Na huyo Tembo," akauliza, "kwao ameandika ngapi?"

"Sijui, Mheshimiwa. Nijuavyo mimi, namba huandikwa na anayepimika."

Na mnione mimi ninayewasimulia: nasema kwa kinywa kipana kwamba Pimbi hakusema uongo hata neno moja siku ile.

Kiboko akaitazama fomu. Akawatazama wanyama. Wote walikuwa wanamtazama, hata yule mtoto mwenye midomo iliyopasuka.

"Mimi nipimwe?" akasema. "Mimi? Toa kalamu hapo."

Yangeyange akaitoa. Lakini yeye ana kichwa kidogo chenye mambo, na kuna jambo lilikuwa linamwasha. Akainama sikioni. "Mheshimiwa, kile kisanduku kikiwa kitupu, ile karatasi ya asubuhi si ilisema..."

Pimbi akashika pumzi.

"Nyamaza," akasema Kiboko. "Nani kakuuliza?"

Yangeyange akanyamaza. Alikuwa mtumishi mwema. Kiboko akainua mguu, akapiga muhuri juu ya kisanduku kitupu. Ndi.

Baada ya wote akaja Kobe, amechelewa, kikao kimefungwa. Pimbi akamwambia, "Kobe, umepata vinne." Kobe akasema vinamtosha, na kimoja atalalia.

Asubuhi yake Pimbi akaizima mashine na kuiwasha upya. Ngurrr. Mashine pepe zikaamka moja moja, kila moja ikapewa kikomo chake. Ya Kiboko nayo ikaamka, na njaa yake ile ile.

Ngo ngo ngo, chumba cha kwanza. Kikafunguka.

Ngo ngo ngo, chumba cha pili. Kikafunguka.

Ngo ngo ngo, cha tatu. Kikafunguka.

Ngo ngo ngo, cha nne. Kikafunguka.

Ikanyoosha mkono kugonga cha tano, na hapakuwa na cha tano. Si kwamba kimefungwa. Hakipo. Kwa mashine ile, dunia iliishia chumba cha nne.

Saa ikafika. Mashine ya Pimbi ikaita vyumba vyake kumi na viwili, vyote vikaitika. Lango likalia kriii, na maji yakashuka mferejini: chururu, chururu, chururu. Mtoto wa Digidigi akatumbukiza kichwa chote mpaka masikio. Mama yake akalia pale pale, bila aibu. Pimbi akageuza uso, akajifanya anapanga karatasi.

Chini ya kilima, mwamba mweupe ulionyesha tundu moja la pua.

Ndi, ndi, ndi, ndi. Kiboko akapanda mpaka mdomo wa pango, na akakwama hapo hapo, maana pango lilikuwa la Pimbi na lilitosha pimbi.

"Nani kanipa vyumba vinne?"

"Wewe, Mheshimiwa," akasema Pimbi kutoka ndani.

"Mimi?"

"Asiyesema kitu apewe vinne. Kwa yeyote. Unyayo ni wako."

"Badilisha."

"Hakibadilishwi mpaka mvua za kwanza. Unyayo ni wako."

Kiboko akasukuma kichwa, mawe hayakutikisika. Akageuka, na nyuma yake akawakuta wanyama wote wamesimama na matone ya maji midomoni. Kila mmoja alikuwa amesomewa ile karatasi. Kobe akasogea mbele taratibu, akamwamkia. "Mwenzangu," akasema, "vinne si vibaya. Kimoja unalalia."

Nani angethubutu kucheka? Hakuna. Walikohoa wengi.

Kiboko akafikiri sana, mpaka nundu zikamtoka kwenye paji la uso. Mwisho akainua kichwa. "Wananchi," akasema, "nimejipa vinne kwa makusudi. Kiongozi lazima awe mfano wa kiasi."

"Amesema kweli," akasema Yangeyange.

Wakampigia makofi, yeye akateremka topeni. Maji ya mfereji yalikuwa yamefika hata huko. Yakampanda tumboni, yakampanda mgongoni uliokuwa umepasuka kwa jua, naye akaguna kwa raha. Hakuuliza yametoka wapi.

Kiangazi kikaisha. Mvua za kwanza zikanyesha, miezi ikapita, na kiangazi kingine kikabisha hodi. Pimbi akatoa fomu mpya. Nyuki sita. Mbuni kumi. Kobe safari hii akawahi, akaandika vitano, kwa tamaa. Kiboko akaletewa yake.

Yangeyange akainama sikioni. "Mheshimiwa, mwaka huu tuandike namba?"

Kiboko akaitazama fomu. Akawatazama wanyama. Wanyama wakamtazama. Pimbi aliinamia kalamu yake.

"Mimi nipimwe?" akasema Kiboko.

Ndi.

Na funzo la hadithi hii, wanangu, mlishike vizuri: mkubwa asisumbuliwe kwa kujaza fomu. Ni utovu wa adabu. Mwacheni apumzike, ajitazame. Makaratasi washughulikie wadogo.

Nami nimegonga chumba changu cha mwisho, kingine hakipo. Ikiwa ilikuwa tamu, gawaneni sawa. Ikiwa chungu, niachieni mimi. Siwatu, kuni.