Panya Aliyegonga Jibini la Dubu

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanapanga nyumba na kusimama foleni madukani, Panya mmoja aitwaye Sikitu alihama Njombe akaenda kuishi Marekani na bibi yake. Walipata chumba kimoja chenye dirisha moja. Dirisha lilitazama maegesho ya magari.

Huko Njombe bibi alikuwa mtengenezaji wa jibini. Aliyapaka maduara yake ya jibini chumvi kwa mkono, akayapanga juu ya mbao, na kila asubuhi akayapitia moja moja, akiyagonga kwa kidole na kuyategea sikio. Jibini zima lilijibu ndu! Lililooza ndani lilijibu po! Kwa bibi hakuna aliyekata jibini kabla ya kuligonga.

Mwezi wa pili Marekani, bibi aliacha kula.

"Nitafutie kipande kimoja cha jibini lililotengenezwa kwa mikono," alisema. "Nikilionja hilo, na hivyo vyakula vingine nitavila."

Sikitu akaenda dukani. Akaleta jibini la manjano, vipande vya mraba, kila kimoja kimevikwa nailoni yake.

Bibi akanusa. "Hii sabuni."

Akaleta la kopo, la kubonyeza. Fyuuu!

"Mke mwenzangu," bibi akasema, maana ndivyo bibi wa kwao wanavyowatania wajukuu wa kike, "hii ni ya kunyolea ndevu. Unaniona nina ndevu?"

"Unazo, bibi."

"Hizi sharubu. Ondoa."

Akaleta lililokunwa, limejaa mfuko.

"Haya maranda ya seremala. Umeyaokota wapi?"

Maduka kumi na moja Sikitu aliyamaliza. Kila siku bibi alizidi kuwa mwepesi. Mwanzoni Sikitu alimgeuza kitandani kwa mikono miwili; sasa mmoja ulitosha.

Katika duka la kumi na moja, Kuku aliyekuwa akipokea malipo alimwonea huruma.

"Jibini la kweli? Analo Dubu peke yake, ghalani chini ya nyumba yake. Lakini hakuuzii, mama."

Sikitu akaenda hivyo hivyo. Ngo! ngo! ngo!

"Hodi!"

Mlango ukafunguka. "Nani?" Dubu akauliza.

"Huku chini, mzee."

"Chini wapi?"

"Chini kabisa. Naomba kipande cha jibini. Bibi yangu mgonjwa."

"Sikati vipande," Dubu akasema. "Nauza duara zima, na kila duara lina jina la mwenyewe. Nyati wa tambarare. Mbwa mwitu wa kaskazini. Wewe nani?"

"Sikitu."

"Sikitu hayumo kwenye orodha."

Akaanza kufunga mlango, na katika kufunga akapiga mwayo: haaaaa! Majani yalikuwa yamekwisha mitini. Dubu wa huko hulala tangu theluji ya kwanza mpaka majani yachipue tena.

Sikitu aliuona ule mwayo.

"Mzee, unalala lini?"

"Leo. Kwani vipi?"

"Na wagonjwa wako wataangaliwa na nani?"

"Wagonjwa gani?"

"Huko ghalani. Kwetu hatufumbi macho kabla ya kuyagonga majibini. Moja likiwa na ugonjwa, unaamka umebakiwa na harufu."

Dubu akaacha kufunga. Kisha akafungua mlango wote.

Ghalani kulikuwa na maduara yamepangwa kwenye rafu. Mbele kabisa lilikaa moja kubwa, ngozi laini, limefungwa utepe mwekundu. Kwenye kona lilijibanza dogo, limepinda, lina ukungu wa kijivu.

"Na hilo?" Sikitu akauliza.

"La Mbuzi mmoja wa mlimani. Baya sura, hakuna alitakaye. Nitalila mwenyewe nikiamka."

Sikitu alikuwa ameshalichagua lile la utepe kabla hajagonga. Alianza na lile dogo, ili Dubu azoee. Ndu!

"Hili zima, mzee."

Akaendelea na mengine. Ndu! Ndu! Kila akigonga alimtazama Dubu usoni: anaamini? Haamini? Akalifikia lile la utepe, akaweka sikio, akagonga. Po!

"Uwiii! Mzee, shika ukuta!"

"Kuna nini?"

"Hili maiti!"

"Mungu wangu! Hili la Nyati!" Dubu akapiga magoti. Chozi likamtoka likafika puani.

"Litoke sasa hivi. Mimi nitakwenda kulizika mbali. Wewe jifungie humu humu na haya mengine, komeo tatu. Asiingie mtu mpaka majani yachipue. Hata mimi nikija kulia mlangoni, usifungue."

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Huenda ugonjwa umeshaniingia kwenye manyoya."

"Ahsante, mama. Ahsante sana."

Sikitu akalisukuma duara barabarani, gudu gudu gudu, akicheka kikikiki! Theluji ya kwanza ilikuwa inaanguka. Nyuma yake alisikia komeo: ka! ka! ka!

Bibi alipoliona akainua kichwa. Alikuwa hajakiinua siku nne.

"Mke mwenzangu! Nani kakuoa kwa mahari hii?"

"Tukate, bibi."

"Bila kugonga? Umesahau kwenu?"

Akanyoosha kidole. Po! Akajaribu upande wa pili. Po!

Sikitu akachukua kisu, akapasua. Ndani mlikuwa na unga mweusi na uvundo. Akachimba, akachimba mpaka akatokea kwenye ngozi ya upande wa pili.

"Uliligonga huko?" bibi akauliza.

"Niligonga, bibi."

"Likasemaje?"

Sikitu alikumbuka uso wa Dubu, magoti yake, hata pale chozi lilipofikia. Mlio ulichelewa kumjia.

"Lilisema po."

"Lipo lililosema ndu?"

"Mengi. Na moja dogo. La kwenye kona. Halina mwenyewe."

Bibi akakilaza kichwa tena. Sikitu akatoka mbio. Ngo! ngo! ngo!

"Mzee! Fungua! Ni mimi Sikitu, nilikudanganya!"

Sauti ikaja kutoka chini, nzito kwa usingizi. "Ndiyo, mama. Ulisema utakuja kulia. Sifungui."

"Mzee, nakuomba!"

"Ahsante, mama."

Kisha: khoroooo.

Aligonga mpaka theluji ikamfika kifuani. Aliporudi, bibi alikuwa ametazama ukuta.

"Kasemaje?"

"Amelala, bibi."

"Basi na mimi nilale kidogo," bibi akasema, akajifunika.

Hadithi yangu imekomea hapo, wanangu: anayegonga ili amhadae mwenzake hausikii mlio.